Tanzia Kumi na Mbili za Mzee Msafiri

Pale Nzuguni uongo haupimwi kwa futi, unapimwa kwa Mzee Msafiri Mihayo. Mtu akitia chumvi kidogo anaambiwa, "Hiyo ni nusu Msafiri." Ndiye aliyewaambia watu kwamba upepo wa Agosti ulimnyang'anya kofia stendi, na siku ya tisa kofia ikarudi kwa posta kutoka Singida, imegongwa muhuri, na ndani yake kuna barua ya kuomba radhi. Watu walicheka, wakamwomba aisimulie tena. Barua ile ikawa inarefuka kila mwaka.

Alikuwa karani wa masijala wizarani miaka thelathini na moja. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maelekezo ambavyo mafundi walikuwa wakivitupa pamoja na maboksi. Alipostaafu alivibeba vyote nyumbani. Kwa hiyo chama cha kufa na kuzikana cha mtaa kilipotafuta katibu mwenezi, mtu wa kutangaza misiba, hapakuwa na kura. Mwenyekiti, Mama Evarista, alimnyooshea kidole tu akasema, "Huyu mdomo anao, na mashine anazijua."

Zamani kutangaza msiba kulikuwa kupiga simu moja moja mpaka sauti ikauke. Kisha akaja Brightness, binti wa Kichaga aliyepanga chumba cha uani kwa Msafiri. Alikuwa amemaliza kusomea kompyuta chuo kikuu kule Chimwaga, na sasa yeye na wenzake wawili walikuwa na kiofisi chenye feni moja. Akakitengenezea chama tovuti: ukiandika tanzia mara moja na kubonyeza, simu za wanachama wote mia tatu na kumi na wawili zinalia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake. Vyama vingine viwili vya kuzikana vilikuwa vinatazama. Cha Nzuguni kikiridhika, navyo vingeingia.

Mwezi wa Juni akawa anatengeneza toleo jipya, na akataka lijaribiwe kabla halijaachiwa watu. Akamwendea mwenye nyumba wake barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Maji yamekatika tena?"

"Hapana, nina kazi nawe. Tovuti ya chama sasa ina seva mbili. Moja ni ya watu. Ukitangaza pale, mtaa mzima unapata ujumbe. Ya pili ni ya majaribio. Ukitangaza pale, ujumbe unakuja kwangu peke yangu, basi."

"Kwa hiyo anwani ni mbili."

"Anwani ni ile ile. Mlangoni nimeweka lango. Nitakupa kiungo, ukifungue mara moja tu, kitaacha alama ndogo kwenye simu yako. Sisi tunaiita kuki. Lango likiiona alama hiyo, linakupitisha kwenye seva ya majaribio. Lisipoiona, unapita na watu wengine wote."

Msafiri akatikisa kichwa kwa raha. "Kama faili lenye kibandiko chekundu. Tarishi akikiona hapiti nalo vyumba vyote, anakwenda nalo kwa katibu mkuu moja kwa moja."

"Hapo hapo, babu. Sasa, tafadhali, usisafishe kivinjari. Ukisafisha, kibandiko kinatoka."

"Binti, mimi nimeanza kugusa kompyuta mama yako hajaposwa."

Alimwonya hivyo mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote tatu akajibiwa habari za posa ya mama yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutangaza vifo vya watu wa kubuni: majina marefu, majina mafupi, tanzia yenye picha, tanzia isiyo na picha. Lakini kumwambia Msafiri abuni watu ni kumwambia mbuzi achunge shamba. Watu wa kubuni wa kazi gani, na wanachama wapo? Akaanza na Mama Evarista, akamuua kwa kengele yake mwenyewe ya kuitia mikutano, iliyomwangukia akiwa usingizini. Akamuua Tumsifu, mwalimu wa kwaya, aliyevuta noti ya juu akaondoka nayo. Akamuua Angelina wa duka la pembeni, aliyelazwa hospitali mwaka jana. Huyo akamwandikia kwamba madaktari walipompasua walikuta ndani daftari la wadaiwa na vipande viwili vya sabuni. Akafikisha kumi na moja. Juu ya ukurasa palikuwa na utepe wa njano ulioandikwa MAJARIBIO, na chini ya utepe ule mzee alijiona mtu huru kuliko alivyowahi kuwa tangu astaafu. Jioni alizisoma upya mwenyewe, akicheka mpaka miwani inaanguka.

Brightness alizipata zote kwenye simu yake. Alicheka mbili za kwanza, kisha akasema, "Babu, bora ubuni majina kweli."

"Haya," alisema Msafiri, akaenda kuandika ya tisa.

Ya Kefa Ndahani aliiacha ya mwisho, kama mtu anavyosogeza kipande cha nyama pembeni ya sahani. Kefa ni Mgogo, Msafiri ni Mnyamwezi, na hao ni watani tangu enzi za babu waliopita na mizigo kichwani wakiomba maji. Mtani akikutukana hununi. Mtani akifiwa unaweza kujilaza kaburini ukakataa kutoka mpaka akupe kuku, na watu wataona umeheshimu msiba. Kwa miaka kumi na minane watu hawa wawili walikuwa wakizikana kwa mdomo kila Jumapili.

Alhamisi moja simu ya Msafiri ikagoma kupokea hata picha moja zaidi. Ilikuwa imejaa: maua ya "asubuhi njema" kutoka makundi saba, video za kwaya, mahubiri. Akapanda bajaji mpaka Majengo, kwa fundi simu Joel, mwenye meza kati ya wauza karanga na wauza ulezi.

"Nisafishe hii," akamwambia.

"Picha tu, mzee, au na kivinjari nacho? Kimekula nafasi kubwa."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema ngoja kwanza. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama kina mama wawili wakisubiri zamu, na Msafiri hajawahi kukubali kuonekana na watu akisita mbele ya mashine.

"Futa vyote," akasema. "Mimi ni mtu wa mitambo, nitavirudisha."

Saa tano kasoro alikuwa barazani kwake, simu nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Akafungua tovuti ya chama. Ikamwomba nywila upya, akaiandika. Utepe wa njano haukuwepo. Nafasi ya kuweka picha, iliyokuwa kwenye toleo jipya, nayo haikuwepo.

Aliona. Baadaye ndicho kilichomtafuna, kwamba aliona. Alitazama pale juu ambapo utepe ulikuwa ukikaa, akajiambia, mtoto amefanya usafi na yeye, kisha akaendelea, kwa sababu maneno yalikuwa yameshaiva mdomoni.

Uongo mzuri huanza na mlango wa kweli, na Msafiri aliujenga mlango ule vizuri: "TANZIA. Mzee Kefa Ndahani wa Nzuguni amefariki dunia leo alfajiri. Wanachama mnaombwa kufika nyumbani kwa marehemu." Utani ulianza chini ya hapo: kwamba marehemu ameshindwa na mlenda wa watu alioula bila kukaribishwa, kwamba ameacha jembe jipya lisilojua rangi ya udongo. Lakini ujumbe wa simu hubeba sentensi mbili za mwanzo tu, na mwishoni kiungo cha kusoma zaidi. Nani anayefungua kiungo huku analia?

Akabonyeza. Simu ikalia mkononi mwake. Akafungua ujumbe, akasoma tanzia aliyoiandika dakika ile ile, akajua imekwenda kwa mtaa mzima.

Chama kile kina sifa moja: hakichelewi. Kabla ya saa sita turubai lilikuwa limeshasimama uani kwa Kefa, viti vya plastiki vimepangwa, sufuria tatu zimewekwa mafigani, na vijana wa kwaya wanatafuta ufunguo wa wimbo. Kefa mwenyewe, anayeishi peke yake, alikuwa shambani kwake kwenye mizabibu, simu ameiacha nyumbani ikichaji. Akarudi na bodaboda, akaliona turubai, akamshika dereva bega.

"Punguza. Hapa pamefiwa."

Akashuka, akavua kofia, akaingia uani kwa adabu akamuuliza mama wa kwanza aliyemkuta, "Pole, mama. Amefariki nani?"

Mama yule aliangusha beseni la mchele. Wawili walikimbia. Angelina alikaa chini, akasema polepole, "Mzee Kefa, ni wewe."

Watu walipomaliza kumshika mikono na uso kuhakikisha, kicheko kikaanza, kile kicheko cha watu waliolia bure. Msafiri alikuwa amefika, amesimama karibu na ukuta. Mama Evarista akamgeukia.

"Katibu mwenezi, imekuwaje?"

Na mdomo ule, uliokuwa haujawahi kukosa la kusema, haukukosa.

"Mtambo," akasema Msafiri. "Mtambo umekosea. Mambo ya hawa vijana. Mnawapa kazi za wakubwa."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kuaminika kabisa. Msafiri akaona lilivyopita kirahisi, akapata nafuu isiyomfurahisha.

Saa kumi akafika Hana.

Hana ni dada yake Kefa, mkubwa wake kwa miaka minane, anaishi kijijini upande wa Mvumi. Mjukuu alimsomea ujumbe. Hakusubiri kuuliza, akaita jirani mwenye wembe, akanyolewa pale pale kama walivyonyolewa mama yake na bibi yake walipofiwa, kisha akapanda gari. Alishuka kwenye bajaji amejifunga kaniki, kichwa kitupu, kinang'aa, kina mikwaruzo miwili ya haraka yenye damu iliyokauka. Aliingia uani akaona ndugu yake amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai.

Hakupiga kelele. Alimwendea, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayetazama mahindi ya kununua.

"Kefa."

"Naam, dada."

"Nimeshakulilia. Njia nzima. Sasa machozi yale nitayarudisha wapi?"

Kefa akanyanyua mkono kumgusa kichwa, akausitisha njiani. Na Msafiri, pale ukutani, akageuka kutazama sufuria.

Brightness alikuja jioni kutoka kazini, hajabadilisha hata viatu. Watu walimweleza, kila mmoja na ukali wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Mara moja tu macho yake yalikwenda kwa Msafiri, yakakaa kidogo, yakarudi.

"Samahani sana, wazee wangu," akasema. "Tutachunguza."

Asubuhi iliyofuata Msafiri aliamka kabla ya jogoo, akakaa barazani akisubiri kushitakiwa. Alikuwa ameandaa majibu matano. Brightness akatoka chumbani na ndoo yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akakohoa. "Ehe, mmeliona tatizo?"

"Tumeliona."

"Ni nini hasa?"

"Alama imepotea kwenye simu moja. Lango halikuiona, likapitisha tanzia kwenye seva ya watu."

"Simu ya nani?"

Brightness alikuwa anakamua kitambaa cha kudekia. Alikikamua mpaka hakikuwa na tone, akaendelea kukikamua.

"Ya mtumiaji mmoja, babu," akasema, akaingia ndani kudeki.

Majibu yale matano hayakupata kazi. Msafiri angefurahi kama angetukanwa. Tusi angelipokea, angeligeuza, angelisimulia wiki ijayo likiwa na mkia na pembe. Heshima hakujua aishike wapi.

Jumapili baada ya ibada chama kilikutana chini ya turubai lake. Ajenda ilikuwa moja: tovuti iendelee au ifungwe. Wajumbe wa vile vyama viwili vingine nao walikuja, wakakaa nyuma. Kefa alikuwepo, na Hana pembeni yake, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

Brightness akasimama mbele, mikono ameikunja kama mwanafunzi.

"Kosa ni letu," akasema. "Sikuweka kinga ya kutosha. Tanzia ya majaribio imepita kwa watu. Nawaomba radhi, hasa Mzee Kefa na bibi."

Hakumtaja mtu. Tumsifu akapendekeza ifungwe, warudi kwenye simu za kupiga. Mtu akaunga mkono. Wajumbe wa nyuma walikuwa wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki zao. Msafiri akamwona binti anakaza taya, akafikiria feni ile moja ya kiofisini, na kabla hajaandaa neno akajikuta amesimama.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Aliniwekea alama kwenye simu, akaniambia mara tatu nisisafishe. Nikaenda Majengo nikasafisha. Kisha nikaandika kifo cha mtani wangu, kwa mkono wangu, nikabonyeza. Halafu nikawaambia ni mtambo."

Mtu akacheka kwa wema. Wengine wakamfuata.

"Mzee Msafiri bwana," alisema Tumsifu. "Hata leo?"

"Na kofia ilirudi kwa posta," akadakia mwingine.

Kefa akainuka kidogo, akasema kwa upole, "Huyu Mnyamwezi anamkingia mpangaji wake. Mmeona? Mdomo wake ni wa uongo lakini moyo anao. Mtani, kaa, tumekuelewa."

Wakampigia makofi. Msafiri Mihayo, miaka sitini na minane, akasimama katikati ya makofi yale akatamani turubai limwangukie. Alikuwa amedanganya watu hawa miaka kumi na minane wakamshangilia. Leo ametoa kweli moja, na wanamshangilia vile vile.

"Brightness," akasema, "nirudishie ile alama."

"Babu, si lazima."

"Nirudishie."

Akampa simu mbele ya watu wote. Binti akafungua kile kiungo, akasubiri kidogo, akamrudishia. Juu ya ukurasa utepe wa njano ulikuwa umerudi. Chini yake, kwa mpangilio mzuri wa karani wa masijala, zilikuwa tanzia kumi na moja. Msafiri akazitazama, akamkabidhi mwenyekiti simu kwa mikono miwili.

Mama Evarista akavaa miwani. Akasoma ya kwake yote, mpaka kwenye kengele. Akavua miwani.

"Hii umeniandikia lini?"

"Juni, tarehe nne."

"Nilikuletea uji tarehe nne. Ulikuwa na malaria."

"Ndiyo. Niliandika baada ya uji."

Simu ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Tumsifu aliguna. Mmoja alicheka kweli, akajizuia. Hapakuwa tena na mtu asiyeamini. Ikamfikia Angelina. Alisoma akiwa ameinamisha kichwa, mkono wa kushoto umelala juu ya tumbo, mahali pa mshono, na aliposoma mpaka mwisho akarudi juu akasoma tena.

"Ile siku ya kupasuliwa," akasema, bila kumtazama mtu, "nilimwambia mume wangu watoto wakae na mama. Nilijua sitoki." Akampa jirani simu kama mtu anayempa sahani chafu.

Angelina hakuwa mtani wake. Kwa Kefa angejificha nyuma ya desturi, na desturi ingemtosha. Kwa Angelina hapakuwa na hata ukuta wa fito.

Waliamua haraka. Tovuti iendelee, ila tangu leo tanzia ithibitishwe na watu wawili kabla haijatoka. Brightness akasema hilo ataliweka kabla ya wiki kwisha. Wajumbe wa nyuma wakabaki kuzungumza naye. Msafiri akavuliwa ukatibu mwenezi. Hakuna aliyenyanyua sauti.

Akabaki Hana. Mama Evarista akamuuliza bibi anataka nini kwa aliyemliza.

Kefa akawahi. "Mimi sina haki ya kukasirika, ni mtani. Kuku wake nitamla. Lakini dada simsemei. Nywele zake hazimo kwenye utani."

Hana akafungua kitenge, akakiweka magotini. Watu waliokuwa hawajaona wakaona. Akamtazama Msafiri muda mrefu, kwa macho ya mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba asiyoijua.

"Wanasema wewe unachekesha watu," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole.

"Ndiyo, dada."

"Basi usichekeshe. Mpaka hizi zishike kitana. Hadithi yoyote, kwa mtu yeyote, usiseme."

Pale Nzuguni hiyo ilikuwa kama kumwambia upepo wa Agosti ukae chini. Lakini alikaa. Julai nzima Mzee Msafiri alisalimia, akajibu alichoulizwa, akanyamaza. Vijana walimchokoza: "Mzee, ile kofia je?" Akajibu, "Ilipotea," akapita. Dukani kwa Angelina alinunua sabuni akiwa ameangalia kaunta, na Angelina akampa chenji bila neno. Uani Brightness aliendelea kumwamkia kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia huku akiangalia miguu yake mwenyewe.

Hana alibaki kwa ndugu yake kusaidia mavuno ya zabibu. Wiki ya pili ya Septemba Msafiri alikwenda Majengo, akachagua kitana cha mbao, chenye meno mapana, akakifunga kwenye gazeti akakipeleka. Alimkuta Hana amekaa kwenye mkeka anachambua karanga, kichwa kina nywele fupi nyeupe kama majivu juu ya makaa. Akapiga hodi, akakiweka mbele yake, akachuchumaa mbali kidogo.

Hana akakifungua. Akakigeuza. Akakipitisha kichwani kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, taratibu. Kikateleza kote bila kukamata kitu.

"Bado," akasema.

Msafiri akainuka, akajifuta magoti, akaenda zake.